Boksi Lenye Doa

Ndugu mwenyekiti, wakusanyaji wenzangu, na ninyi mliokuja kusindikiza watu mkajikuta mmeketishwa mstari wa mbele, salaam.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumze, alicheka kidogo kabla ya kuitaja mada. Sikumlaumu. Mtu akisema anakusanya stempu, anaheshimika. Akisema sarafu za kale, anaulizwa bei. Mimi nikisema nakusanya vikombe vya soda, mifuko ya karatasi na vifuniko vya sosi vyenye nembo za makundi ya muziki, swali la kwanza huwa: na nyumbani wanakuvumilia? Wananivumilia. Kuna chumba kimoja hakiingiliki, lakini wananivumilia.

Leo nimekuja na kitu kimoja tu mkononi. Ni hili boksi. Walio nyuma hamlioni vizuri, msijali, litapita. Ni boksi la nageti kumi za kuku, la mlo ambao McDonald's waliuuza mwaka 2021 kwa jina la BTS, kundi la muziki la vijana saba wa Korea Kusini. Hapa chini, kwenye kona, kuna doa la mafuta kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Siku moja mnunuzi alilichukua kwenye meza yangu, akalisifia, akaligeuza, akaliona doa. Alilirudisha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Akaniambia, "Mzee, lingekuwa safi ningekupa hela nzuri." Nilimjibu kwamba halikuwa la kuuza, tukaachana vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nililifikiria doa lile, na hotuba yangu ya leo imetokana nalo.

Kwanza tukumbushane mlo wenyewe, maana wengine mlikuwa bado wadogo na wengine mlikuwa hamna habari. Ulianza kuuzwa tarehe 26 Mei 2021, ukasambaa hadi nchi karibu 50. Ndani yake mlikuwa na nageti kumi, chipsi za kati, Coca-Cola ya kati na sosi mbili: moja tamu yenye pilipili, nyingine ya Cajun, zote zikiwa zimetokana na mapishi ya McDonald's ya Korea Kusini. Sasa hebu tuhesabu pamoja. Nageti zilikuwepo siku zote. Chipsi zilikuwepo. Soda ilikuwepo. Kipya kilichoweza kuingia mdomoni ni vijikopo viwili vya sosi. Mambo mengine yote mapya yalikuwa karatasi: mfuko, kikombe, boksi, vyote vimepigwa chapa ya zambarau, nembo ya mgahawa na nembo ya kundi zikiwa bega kwa bega.

Na zambarau ile haikuokotwa. Mnamo Novemba 2016, V, mmoja wa wale vijana saba, aliwaambia mashabiki ukumbini kwamba zambarau ndiyo rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, na kwake maana yake ni kuaminiana na kupendana kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo mashabiki wao, wanaojiita ARMY, wakawa na neno lao, borahae, ambalo ni zambarau na upendo vimeunganishwa katika Kikorea. Kwa hiyo mgahawa ulipotoa kikombe cha zambarau haukuwa na haja ya kueleza chochote. Asiyejua aliona kikombe cha soda. Anayejua aliona salamu. Wataalamu wa matangazo hulipwa fedha nyingi watengeneze kitu cha namna hiyo na mara nyingi hushindwa, kwa sababu maana ya aina hii haitengenezwi ofisini. Mashabiki ndio walioifuga kwa miaka mitano, kampuni ikaja kuikodi.

Ilivyopokelewa mnakumbuka. Indonesia mlo ulizinduliwa tarehe 9 Juni 2021, katikati ya korona, na maagizo mengi yalipitia programu za simu. Madereva wa pikipiki walijazana mbele ya migahawa hadi mamlaka zikalazimika kufunga kwa muda matawi zaidi ya kumi. Fikirini: janga la dunia nzima, watu wanaambiwa wakae mbalimbali, halafu foleni ya mamia ya madereva, kila mmoja kashika simu, anasubiri boksi la mtu mwingine. Habari hiyo ilienea sana. Ambayo haikuenea sana ni kwamba mashabiki wa huko huko walichangishana fedha kuwapa madereva waliosota foleni. Mimi naihesabu kama sehemu ya kumbukumbu ya mlo ule, ingawa haiwezi kuwekwa kwenye kabati la kioo.

Mchezo huu, hata hivyo, haukuanzia Korea wala haukuanza jana.

The Beatles, kundi la muziki la Uingereza, walipotua Marekani Februari 1964, tayari bidhaa zao zilikuwa zinauzwa kila pembe: mawigi, wanasesere, baadaye mikebe ya bati ya kubebea chakula cha shule. Haki za kutoa leseni alipewa mfanyabiashara mmoja kupitia kampuni iliyoitwa Seltaeb, yaani jina la Beatles lililosomwa kinyumenyume, na mkataba wa mwanzo uliiachia kampuni hiyo asilimia 90 ya mapato, upande wa kundi ukabaki na 10. Hamkusikia vibaya. Upande wa kundi ulikuja kushtuka baadaye, mkataba ukapangwa upya, na mahakama zikapata kazi. Kila meneja wa muziki aliyekuja baada ya hapo alikuwa amejifunza kwamba wigi la plastiki linaweza kuwa na fedha ambazo si za kuchezea.

Mwaka 1969 ikaja hatua ninayoipenda mimi kuliko zote. The Archies, kundi la katuni, kundi ambalo wanamuziki wake hawakuwepo isipokuwa kwenye michoro, walikuwa na wimbo wao "Sugar, Sugar". Wimbo huo ulichapwa nyuma ya maboksi ya nafaka za kifungua kinywa Marekani. Ninaposema ulichapwa, simaanishi maneno ya wimbo. Namaanisha santuri yenyewe! Utando mwembamba wa plastiki wenye mifereji ulibandikwa juu ya kadibodi. Mtoto alikula nafaka, boksi likaisha, akachukua mkasi, akakata duara, akaliweka kwenye gramafoni.

Niliwahi kushika moja. Imejikunja kidogo kama chapati iliyokaa, na kingo zake zina meno meno ya mkasi wa mtoto ambaye hakuwa na subira. Ukiiweka kwenye sahani ya gramafoni inateleza, kwa hiyo unaweka sarafu juu yake iishike. Sauti yake ni nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya kopo. Lakini angalieni ule mpangilio: ili upate muziki ni lazima boksi liishe. Mama hakuruhusu kukata boksi lenye nafaka ndani. Chakula kwanza, wimbo baadaye. Shikeni hilo, nitalirudia.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mlo wa watoto wenye kichezeo, Happy Meal, ulienea Marekani yote mwaka 1979. Mwaka 1992 eneo la Chicago liliuza baga yenye jina la Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu. Yeye si mwanamuziki, najua, lakini ndiye aliyefungua mlango wa mlo wenye jina la mtu. Mwaka 1997 kundi la Spice Girls liliungana na Pepsi, na shabiki wa Uingereza aliyekusanya vishikio 20 vya makopo alijipatia wimbo ambao haukuwa dukani. Vishikio ishirini. Meno ya kizazi kile nayo yanastahili mnara. Kisha mwaka 2000 Burger King wakatoa CD za Backstreet Boys za kuuzwa pamoja na milo, na McDonald's nao hawakulala, wakaja na CD yao yenye *NSYNC na Britney Spears. Mashabiki wa pande mbili ambao hawakuwa wakisalimiana shuleni sasa walikuwa hawasalimiani hata wakati wa kula.

Lakini kuna tukio moja la katikati hapo ambalo si la muziki, na ni lazima nilisimulie kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Aprili 1997 McDonald's Marekani walitoa wanasesere wadogo wa kitambaa wenye maumbo ya wanyama, Teenie Beanie Babies. Waliandaa kama milioni 100, wakitarajia wakae wiki tano. Waliisha ndani ya wiki mbili hivi. Watu wazima, si watoto, walinunua milo kwa makumi, wakachukua vichezeo, chakula wakakiacha. Wengine hata hawakukifungua.

Hapo ndipo mstari ulipovukwa. Yule mtoto wa mkasi alikula ndipo akapata wimbo. Mtu mzima wa 1997 alipata kichezeo, na chakula kikawa maganda.

Ndiyo maana nikasema hotuba yangu imetokana na doa. Mimi kwa kukusanya miaka mingi nimebaki na swali moja ninalokiuliza kila kitu kinacholetwa mezani kwangu. Siulizi ni adimu kiasi gani. Siulizi ni cha kundi gani. Nauliza: chakula chake kililiwa? Boksi hili jibu lake limeandikwa kwenye kona.

Najua kuna wanaojiandaa kuniuliza: wewe ni nani hata uwapangie watu wanunue vipi? Sipangi. Natoa maoni, na maoni yangu makali nimeyahifadhia karatasi nyingine, ndogo kuliko hii. Kadi za picha.

Kwa wasiozijua, kadi ya picha ni kikaratasi cha ukubwa wa kitambulisho, chenye picha ya mwanakundi mmoja, mara nyingi amejipiga mwenyewe, anatazama kamera kama anakutazama wewe. Katika muziki wa Korea, watu wengi wanaanza kuhesabu historia yake kwenye albamu ya Girls' Generation ya mwaka 2010. Kadi hutiwa ndani ya albamu iliyofungwa. Huchagui. Kama kundi lina watu tisa na wewe unampenda mmoja, una albamu moja mkononi na nafasi moja kati ya tisa moyoni. Ukikosa, unanunua nyingine. Halafu nyingine.

Jamani, mchezo huu tunaufahamu. Una jina. Ni pata potea. Tofauti ni kwamba wa pata potea mwenyewe huwa ana kijimeza cha kukunja na jicho moja likiangalia polisi anakotokea, na huyu ana jengo la ghorofa na idara ya uhusiano mwema.

Matokeo yake yanahesabika kwa tani. Wizara ya mazingira ya Korea Kusini ilitoa takwimu kwamba plastiki iliyotumika kutengeneza albamu na vilivyomo ndani yake ilipanda kutoka tani 55.8 mwaka 2017 hadi tani 801.5 mwaka 2022. Kipindi hicho watu wengi hata hawakuwa na mashine ya kuchezea CD nyumbani. Mwaka 2024, mtaa wa Shibuya jijini Tokyo, marundo ya albamu mpya za kundi la SEVENTEEN yalikutwa yametelekezwa kando ya barabara, na karatasi ya kuwaomba wapita njia wajichukulie. Kadi zilikuwa zimeshatolewa. Wanamuziki walikuwa wameimba, mafundi wamerekodi, mtu amekesha anachora jalada, na kazi yao yote ikawa ni bahasha ya kikaratasi kile.

Ninyi wapenzi wa makundi hayo mnaonikodolea macho, subirini kwanza. Waliopiga kelele kwa nguvu zaidi kuhusu taka hizo ni mashabiki wenyewe. Kuna vuguvugu linaitwa KPOP4PLANET, lilianzishwa mwaka 2021 na mashabiki, likazishinikiza kampuni za muziki zipunguze plastiki na ziache kuuza kadi kwa mtindo wa bahati nasibu. Shabiki siyo mjinga wa hadithi hii. Mara nyingi ndiye pekee mwenye hesabu kamili, kwa sababu ndiye aliyelipa.

Ubaya ni kwamba chakula nacho kimeanza kuiga. Mwanzoni mwa mwaka 2023 biskuti za Oreo zilitoka kwa jina la BLACKPINK, kundi la wasichana la Korea Kusini, katika nchi kadhaa za Asia, kadi za picha zikiwa ndani ya pakiti. Nilipoona tangazo nilijua nini kitafuata, na kweli, masokoni mtandaoni kadi zikauzwa peke yake bila biskuti. Agosti 2025 ikawa zamu ya Japani, safari hii si muziki bali kadi za katuni za Pokémon. McDonald's walipanga siku tatu kuanzia tarehe 9, wakaweka kikomo cha seti tano kwa mtu. Katika matawi mengi kadi ziliisha siku ya kwanza. Walanguzi walinunua, wakatoa kadi, wakaacha milo imezagaa. Picha za chakula kilichotupwa zilisambaa, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Sijui kama kuna wimbo au katuni inayostahili mfuko wa chakula cha moto uachwe chini barabarani. Mimi nililelewa na bibi aliyekuwa akiokota punje moja ya wali mkekani. Nikiona picha zile nahisi yuko nyuma yangu.

Sasa linganisheni na boksi hili. Mwaka 2021 mnunuzi wa mlo wa BTS alijua anachopata kabla hajalipa. Boksi lilikuwa lile lile kwa kila mtu. Hapakuwa na boksi la V na boksi la mwenzake Jimin, hapakuwa na toleo la dhahabu lililofichwa kwenye mlo mmoja kati ya elfu. Mtu angeweza kula mlo mmoja, mara moja, akawa amemaliza, kabati lake limekamilika. Hiyo kwangu ni biashara ya uungwana. Ghali labda, ya kupayuka labda, lakini ya uungwana: nimekuonyesha, umelipa, umepata.

Walikuwepo waliotaka kuigeuza. Walanguzi hawakosekani penye foleni. Mifuko mitupu iliwekwa mtandaoni kwa bei iliyozidi mlo wenyewe, na tegeni masikio mnisikie, hata nageti iliuzwa. Mtu mmoja Marekani alifungua boksi lake, akaona nageti moja imefanana na yule mhusika mdogo wa mchezo wa video wa Among Us. Akaiweka kwenye soko la mtandaoni la eBay Juni 2021, bei ya kuanzia senti 99. Mnada ulifungwa kwa dola 99,997. Nageti moja! Nimeshaulizwa mara nyingi kama ningeinunua. Nageti haihifadhiki, na jambo hilo peke yake lingepaswa kumaliza mazungumzo. Ila kuna mtu alinikumbusha habari ya ile baga ya Jordan: mwaka 2012 galoni ya sosi yake, imekaa miaka ishirini, iliuzwa mtandaoni kwa dola 9,995. Kwa hiyo nimeacha kusema ni kitu gani hakiuziki.

Tabia ya kuuza mlo kama tiketi ya duka la nguo nayo ipo. Mlo wa rapa Travis Scott wa McDonald's, wa Septemba 2020, wa dola 6, ulikuja na fulana, kofia na hata mto mrefu wa kulalia wenye umbo la nageti, dola 90. Mlo ulikuwa robo paundi ya baga yenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, chipsi za kuchovya kwenye sosi ya barbekyu, na Sprite. Ukaenda kasi hadi baadhi ya migahawa ikaishiwa viungo. Mto ule mimi sina. Niliuona, nikaupigia hesabu, nikakumbuka hali ya chumba kisichoingilika.

Wahasibu nao wana yao. Robo ya pili ya mwaka 2021 mauzo ya McDonald's Marekani, kwa migahawa iliyokuwa wazi kwa angalau miezi kumi na mitatu, yalipanda kwa asilimia 25.9, na kampuni ikautaja mlo wa BTS miongoni mwa sababu. Ni kweli walikuwa wanalinganisha na miezi ya kufungiwa ndani, kwa hiyo tusiwape vijana saba sifa ya kila baga. Lakini hakuna kampuni inayosahau robo kama ile. Ndiyo maana kila mwaka tunaona wasanii wapya kwenye vikombe, na ndiyo maana ninyi vijana mtakuwa na kazi ya kukusanya hata mimi nikishazikwa na vifuniko vyangu.

Basi niingie kwenye yale ya mikono, ambayo najua ndiyo mliyoyajia.

Adui wa kwanza wa karatasi ya chakula si wakati, ni mafuta. Kadibodi inayonywa mafuta hainyamazi; doa la leo dogo, kesho limetambaa. Ukishamaliza kula, usilisugue. Kausha kwa karatasi laini, bila maji. Kisha nyunyizia unga wa mahindi laini sana au poda ya mtoto isiyo na manukato, acha usiku kucha, asubuhi futa kwa brashi. Rudia. Doa halitaondoka lote lakini litasimama. La kwangu nilinyunyizia mara tatu, nikaliacha lilivyo, mtaelewa kwa nini.

Kikombe ni rahisi, kina utando ndani. Maji ya baridi, kamwe si ya moto. Kausha kikiwa kimesimama, mdomo juu. Boksi usiliache wazi na hewa ndani. Fungua mikunjo taratibu, lilaze bapa, liwekee vitabu vizito siku mbili. Halafu weka kwenye mfuko angavu usio na asidi, mbali na dirisha. Rangi ya zambarau huchuja upesi kwenye jua. Nimeona mifuko iliyotundikwa ukutani ambayo sasa ni ya kijivu, na mwenye nayo bado anasema ni ya BTS. Tunamwamini kwa sababu ni rafiki.

Tafadhali, tafadhali, msiifunike kwa plastiki ya moto kama cheti. Najua wengi mlifanya hivyo mwaka ule, video zilikuwa nyingi. Plastiki ile haitoki tena, na mafuta yaliyobaki ndani yanapikika pamoja na wino.

Na sosi. Hapa niwasimulie aibu yangu. Mlo ule nilibakiza kijikopo kimoja cha sosi ya Cajun, sikukifungua, kwa sababu nilitaka kiwe kamili. Niliamini kabisa kwamba kitu kilichofungwa na kiwanda kimefungwa. Nikakiweka kwenye sanduku pamoja na mfuko, kikombe cha pili, na stika chache za kundi nilizopewa na binti wa dada yangu. Nikawa nakipita pita kila mwezi, nakikagua kama daktari wa zamu. Halafu nikasafiri. Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimevimba kama shavu lenye jino bovu. Nilikigusa tu. Sikukibana, niligusa tu. Kilichofuata kilikuwa na rangi ya kutu na harufu ambayo bado inanijia nikifungua sanduku lile. Mfuko uliharibika. Stika zilikwisha. Kikombe kilipona kwa sababu kilikuwa juu. Kesho yake asubuhi, msafara wa sisimizi uliingia kutoka dirishani, na nadhani wao ndio walioufaidi mlo ule kuliko mtu yeyote.

Binti wa dada yangu alinipigia simu kuuliza stika zake. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza, akasema, "Mjomba, si ungeila tu?"

Kwa hiyo kanuni yangu ya sosi ni fupi: toboa nyuma kwa sindano, minya sosi yote uile, suuza, kausha, hifadhi kijikopo na kifuniko. Usishindane na vijidudu.

Kuna jambo moja limebaki, la bei, kwa sababu najua kuna wenye mifuko nyumbani wanaosubiri ipande. Mimi si mtabiri. Ila vitu ninavyoviona vikipanda ni vile ambavyo wakati wake hakuna aliyeviona ni vya kutunza. Santuri ya boksi la nafaka imeadimika kwa kuwa watoto waliipiga ikaisha, au mama aliitupa. Wanasesere wa 1997 walitunzwa na kila mtu, na leo utawakuta kwa rundo, wamejaa kwenye makapu ya mitumba wakiwa bado ndani ya plastiki yao. Mlo wa BTS uko upande upi kati ya hizo mbili? Kwa idadi ya watu waliouosha na kuukausha kama mimi, naogopa kuwajibu.

Anayekusanya ili auze, auze salama. Lakini ukija mezani kwangu na boksi ambalo halijawahi kubeba nageti, lililotolewa jikoni kwa mlango wa nyuma likiwa bapa na safi kama shuka la hoteli, nitaliangalia kwa adabu, nitakupa soda, na nitakurudishia. Mimi hapa lazima niwe mkweli hata kama nitapoteza wateja.

Meza yangu iko pale karibu na mlango wa kutokea, chini ya ile taa inayomemeteka. Kuna vishikio vya makopo, kuna CD mbili za mwaka 2000 ambazo bado zinapiga, kuna kijikopo kitupu cha sosi. Boksi hili naliacha lianze kupita sasa kutoka mstari wa mbele. Linashikika, halivunjiki. Mikono iwe mikavu tu, na atakayelipata mwisho anirudishie. Doa liko kona ya kushoto, chini, mtaliona mkiliinamisha kwenye mwanga.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.